Viwavi wa Shamba la Andrea

Watu wa kijijini kwao walimwita Dokta, na Felista alikwisha kuchoka kuwasahihisha. Kila alipopanda milimani Mgeta kumsalimu mama yake, hakukosekana bibi wa kumfunulia goti lililovimba, au mama wa kumletea mtoto mwenye kikohozi.

"Mimi si daktari wa watu, bibi."

"Wa nini basi?"

Hapo maneno yalimwishia. Alichunguza maumbo ya protini. Si protini zote, bali zile zilizojishikiza kwenye utando wa seli: milango midogo inayopitisha chumvi kuingia na kutoka, na vimeng'enya vinavyofanya kazi pembeni mwa milango hiyo. Vitu vidogo kiasi kwamba hadubini ya kawaida haivioni. Kwa miaka mingi, huko Ulaya alikosomea na sasa chuoni Morogoro, aliamka akiviwaza na kulala akiviwaza. Hakuolewa, na mama yake, Bi Martina, alikuwa ameacha kuuliza.

Aliyetaka kuelewa alikuwa mmoja tu, mdogo wake Andrea. Huyu alibaki mlimani akilima kabichi kwenye shamba la ukoo wa mama yao, kwenye ngazi zilizochongwa ubavuni mwa mlima toka enzi za babu. Akishuka mjini hakukosa kupita maabara, avue gamubuti mlangoni, aingie peku, aulize hiki ni nini na kile ni cha nini. Felista alikuwa na wanafunzi wa shahada ya uzamili ambao hawakuuliza nusu ya maswali yale.

Kwa misimu kadhaa viwavi walikuwa wamemshinda Andrea. Nondo mdogo wa kijivu hutaga chini ya jani la kabichi, na kiwavi wake hutoboa mpaka jani libaki nyavu. Dawa za madukani zilizowamaliza zamani, sasa walizioga tu kama maji. Felista aliposikia hivyo, akawaomba viwavi hao. Andrea akawaleta kwenye ndoo ya rangi aliyoitoboa kifuniko, na majani ndani yake wasife njaa njiani, akaikabidhi mbele ya ofisi huku anacheka peke yake.

Kazi ile ilichukua karibu miaka miwili. Felista na fundi wake wa maabara, Pazi, walichukua kutoka kwa viwavi wale maelekezo ya kutengeneza mlango mmoja tu, ule wa sodiamu ulioko kwenye neva, mishipa ya fahamu. Wakauotesha ndani ya seli za kwenye chupa, wakautoa kwenye utando, wakaupoteza umeme ulipokatika, wakaanza upya. Sampuli zikagandishwa na kupelekwa Ulaya kwenye hadubini ya elektroni, na picha, maelfu kwa maelfu, zikarudi kwa mtandao. Ramani ya mlango ilipokamilika, Felista alimpigia Andrea kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote.

Kesho yake alifika. Felista akamgeuzia kioo cha kompyuta, akaizungusha picha ionekane kwa juu.

"Kama kabichi iliyokatwa katikati," Andrea alisema.

Felista alicheka, kwa kuwa ilikuwa kweli: vipande vinne vimekumbatiana, na katikati kitundu. "Hapo ndipo sodiamu inapopita. Mlango ukifunguka, neva inatuma ujumbe. Ukijifunga, inanyamaza. Dawa mnayopulizia inajibana hapa, kwenye huu ufa, mlango usijifunge. Kiwavi anatetemeka mpaka anakufa."

"Lakini wangu hawafi."

"Wako wamebadilika. Tazama, tofali moja tu kwenye ukuta mzima, hili hapa. Ufa umekuwa mwembamba, dawa haiingii tena."

"Hata nikizidisha kipimo?"

"Hata ukimwaga mto mzima."

Andrea aliinama akaitazama picha ile kwa muda mrefu, mikono nyuma. "Basi hakuna mlango mwingine wa kuwaingilia?"

"Upo," Felista alijibu bila kufikiri, maana lilikuwa swali zuri na yeye siku ile alikuwa na furaha. "Kuna kimeng'enya kimejishikiza nje ya utando, pale neva inapokutana na msuli. Kazi yake kufagia. Neva ikisema 'kaza', kile kinafagia ujumbe ili msuli ulegee. Kuna kundi jingine la dawa linakiziba hicho. Hapo viwavi wako hawajabadilika hata kidogo, nimewapima."

"Kwa hiyo hiyo itawaua."

"Itawaua wote."

Je, alisema kwamba kimeng'enya kile kile, umbo lile lile karibu sawa, kimo pia kwenye kila msuli wa binadamu? Alikuwa akilijua jambo hilo kama anavyojua jina lake. Alijaribu sana baadaye kujisikia akilisema, na kuna siku alijisikia kabisa, hata akaikumbuka sauti yake. Siku nyingine alikumbuka tu Pazi akiingia na chai, na mazungumzo yakihamia kwenye misa ya kipaimara ya mtoto wa Andrea.

Mwezi haukwisha. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua limekwisha kuwa kali, Felista anafua kanga uani, simu ikaita.

"Dada! Wamekufa wote!"

"Nani wamekufa?"

"Viwavi! Nilianza jana ngazi za juu, leo nimewakuta wamedondoka chini kama mchele. Nimeipata ile yako, ya mlango wa pili. Jamaa mmoja huko mjini, pale Mwembesongo, kanipimia kwenye chupa ya maji."

Felista alisimama, povu likimtiririka viganjani. "Chupa ya maji? Haina maandishi?"

"Haina. Inanuka kama kitunguu saumu kilichooza, lakini inafanya kazi, dada." Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye kitu mdomoni. Akatema, akaendelea. "Samahani. Mate leo yananijaa tu."

"Andrea, bomba la kupulizia linavuja?"

"Kidogo, hapa mgongoni. Shati limelowa lakini jua litalikausha. Nimebakiza ngazi mbili. Ila naona jua lenyewe leo hafifu, kama jioni vile."

Felista alitazama juu. Hapakuwa na wingu, si mjini, si kule milimani. Akaelewa kwamba mboni za macho ya ndugu yake zilikuwa zimesinyaa kwa sumu.

"Tua hilo bomba! Andrea, nisikilize. Vua shati, vua kila kitu, ingia kwenye mfereji ujisugue mwili mzima. Mwite Agnes. Andrea?"

Simu ilikuwa imekatika. Alipopiga tena, haikupatikana. Alipiga ya Agnes, mke wa Andrea, ikaita mpaka ikachoka. Mwisho alimpata mama yake, akampigia kelele kwa mara ya kwanza maishani mwake: wakimbie shambani, wamvue, wamwoshe, wampeleke zahanati.

Dawa ya kuzuia sumu ile ilikuwepo karibu kuliko hospitali, kwenye zahanati ya mifugo pale chuoni. Leonard, daktari wa wanyama aliyekuwa zamu, alisikiliza maneno mawili tu akafungua kabati, akatoa atropini yote iliyokuwemo.

"Hii ni ya ng'ombe, Felista."

"Ni ile ile."

"Najua ni ile ile. Nakwambia tu kwamba sina nyingine. Na hii peke yake haitoshi, unajua."

Alijua. Pazi alikuwa tayari na gari la mradi. Walipita Mzumbe, wakaiacha lami, wakaanza kupanda. Felista alikumbatia boksi la dawa kifuani kila gari liliporuka shimo. Nusu ya mlima wakakuta lori limekwama kwenye kona, limejaa karoti, utingo amelala chini yake anachokonoa kitu. Upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine hewa tupu. Felista hakungoja. Alilipita lori kwa kujibana ukutani, akamsimamisha mwenye pikipiki aliyekuwa akigeuza upande wa pili, akapanda.

Nje ya zahanati ya kijiji watu walikuwa wamejaa. Walipomwona, wakampa njia, na mzee mmoja akasema kwa sauti ya kushukuru, "Dokta amefika. Sasa mambo yatakuwa sawa." Felista aliingia akiwa na maneno hayo mgongoni.

Andrea alikuwa kitandani, amefunikwa kanga. Povu jeupe lilimtoka mdomoni na puani, na Agnes alikuwa akilipangusa kwa ncha ya nguo yake, linarudi, analipangusa tena. Chini ya ngozi misuli ilikuwa ikichezacheza yenyewe, kifuani, mapajani, kwenye shavu, mfano wa maji yanayotaka kuchemka. Irene, muuguzi pekee wa pale, alikwisha kumaliza atropini yake ndogo.

"Nimempa yote, dada. Ilimsaidia kidogo, sasa anazama tena."

Felista alifungua boksi. Irene ndiye aliyechoma sindano, kwa kuwa Felista hakuwahi kumchoma mtu. Moja, nyingine, nyingine tena, huku Irene akisikiliza mapafu. Felista aliketi upande wa kichwa cha ndugu yake. Hakutaka kukiona kile kimeng'enya lakini alikiona: pango refu jembamba, na chini kabisa ya pango ile molekuli ya dawa imejichomeka na kukaza, na ujumbe ukilundikana nje, *kaza, kaza, kaza*, na hakuna wa kufagia. Alilijua pango lile ukuta kwa ukuta. Angeweza kulichora gizani. Wala hapakuwa na chochote ndani ya chumba kile, wala ndani ya kichwa chake, cha kuing'oa ile molekuli mle ndani.

Baada ya muda povu likakauka. Mboni zikafunguka. Andrea akavuta pumzi ndefu, akamtambua.

"Dada. Umekuja na nini?"

"Na pikipiki."

Akajaribu kutabasamu. "Umeliona shamba?"

"Bado."

"Nenda ukalione. Hakuna hata mmoja. Ulisema kweli." Alimeza mate kwa shida, maana koo sasa lilikuwa kavu. "Nilifikiri kichwa kinaniuma kwa ajili ya jua."

"Nilikwambia ni hatari, Andrea? Siku ile, ofisini. Nilikwambia?"

Andrea alimtazama kama mtu asiyeelewa kwa nini anaulizwa hilo. "Ulinieleza vizuri sana," alisema. "Nilielewa kila kitu."

Lori lilipokwamuka, Pazi akafika na gari. Walimlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Felista, Agnes miguuni, Irene mbele na sindano zilizobaki. Walishuka polepole. Mapafu yalikuwa makavu, moyo ulikwenda, na Agnes akaanza kuongea juu ya nani atawachukua watoto shule Jumatatu. Lakini atropini hukausha mapafu tu, misuli haina habari nayo. Walipovuka daraja la kwanza, Andrea alishindwa kuinua mkono. Walipovuka la pili alishindwa kumeza. Kisha kifua chake kikaanza kupanda nusu, robo, kikiwa kimechoka kama mtu aliyebeba mzigo tangu alfajiri.

Felista alimpulizia pumzi mdomo kwa mdomo. Alipochoka alipokea Irene, akiinamia nyuma kutoka kiti cha mbele, Irene alipochoka alipokea Felista. Gari likizunguka kona baada ya kona, Agnes ameshika vifundo vya miguu ya mumewe. Walipoyaona mapaa ya Mzumbe, Irene alimwekea Felista mkono begani akauacha hapo. Felista aliendelea kupuliza mpaka Pazi aliposimamisha gari kando ya barabara, akazima injini, akashuka na kusimama nje akiwa amewapa mgongo.

Walimzika Jumatatu, mteremkoni chini kidogo ya nyumba ya Bi Martina, padri akiwa ametoka misheni kwa miguu kwa sababu ya barabara. Mjomba Mikaeli, mkubwa wa ukoo, alizungumza kwa niaba ya familia. Alisema marehemu alifikwa na ajali ya kazi. Felista alisimama, akaomba kusema, akawaeleza watu dawa ile ni nini na inafanya nini mwilini, akawasihi mtu yeyote mwenye chupa ya namna ile nyumbani aitoe. Walimsikiliza kwa utulivu. Baada ya mazishi, wakati watu wananawa mikono, wanaume wawili, mmoja baada ya mwingine, walimfuata pembeni. Walimpa pole. Kisha kila mmoja kwa sauti ya chini akauliza jina la dawa, maana walipita shambani kwa marehemu na hawajapata kuona kabichi safi namna ile.

Kabichi zenyewe zilikuwa zimekomaa. Agnes alikuwa ameshaongea na mchuuzi, gari lingekuja Alhamisi.

"Wifi, haziwezi kuuzwa," Felista alimwambia. Walikuwa jikoni, wawili tu. "Hatujui alichanganya kiasi gani. Mtu akila, akimpa mtoto..."

"Nitangoja siku ngapi?"

"Sijui. Sijui hata ni dawa gani hasa. Ziachwe zioze."

Agnes alikuwa akichochea moto. Aliweka kuni chini. "Shamba hili ni la ukoo wenu, wifi. Arobaini ikipita, mimi na watoto tunarudi kwa mama yangu, ng'ambo ile. Hakuna aliyenifukuza, ndivyo ilivyo, najua. Mkononi nitaondoka na nini? Hizo kabichi ndizo zilizonibakia kwake. Kafa kwa ajili ya hizo. Sasa wewe unataka zioze."

"Nitawalea watoto mimi."

"Sikukuomba."

Bi Martina aliitwa, Mjomba Mikaeli akaitwa. Mjomba alisema aliyesoma katika nyumba hii ni Felista, lakini mwenye jasho ni marehemu, na yeye hawezi kuamua baina ya watoto wake. Kikao kikaishia hapo.

Jumatano asubuhi Felista alichukua panga la Andrea, akafunga kanga mbili usoni, akavaa mifuko ya nailoni mikononi, akaanza ngazi ya juu kabisa. Alikata kabichi moja moja, akaipasua vipande vinne, akaisukuma kwenye shimo lililochimbwa zamani kwa ajili ya mbolea. Zilikuwa nzito, nyeupe ndani, hazina doa. Majirani walisimama njiani wakatazama. Alidhani Agnes atakuja kumpigia kelele na alikuwa amejiandaa kwa hilo. Agnes alikuja kweli, akasimama ukingoni na mtoto mdogo mgongoni. Alitazama ngazi mbili zikiisha, akageuka. Mchana alikuwa ameshafunga vitu vyake. Hakungoja arobaini.

Bi Martina alikuja jioni kumletea bintiye maji. Hakumsaidia kukata, wala hakumzuia.

"Ungezikata kabla hajafa, ningekuelewa," alisema, akaondoka na kikombe.

Mjini Felista na Pazi walizunguka Mwembesongo kumtafuta yule muuzaji. Kila duka la pembejeo liliwaelekeza kwa jingine, na kijana mmoja aliwaambia jamaa aliyekuwa akipima dawa kwenye chupa alihama, labda yuko Ifakara, labda Mvomero. Walitoa taarifa panapostahili, wakaahidiwa. Ramani ya mlango wa sodiamu ilichapishwa kwenye jarida kubwa, wenzake wa Ulaya wakamtumia pongezi. Felista alizisoma akafunga kompyuta. Kila mwisho wa mwezi alimtumia Agnes kitu kwa simu. Kilipokewa. Hakikujibiwa.

Msimu uliofuata alipanda mlimani kumwona mama yake, akavuka bonde kwenda ng'ambo ile. Alimkuta Agnes shambani kwa mama yake, kabichi zimefika magotini, zimetobolewa kama nyavu, na yeye ana bomba mgongoni, kitambaa mdomoni, anapulizia. Alipomwona wifi yake aliendelea mpaka mwisho wa tuta ndipo akasimama.

"Habari za siku nyingi, wifi."

"Nzuri. Naomba nione chupa ya dawa."

Agnes alimnyooshea kidole. Chupa ilikuwa kwenye nyasi, ina karatasi yake, maandishi yote yapo. Felista aliiinua akasoma. Ilikuwa ile ya zamani, ya madukani.

"Hii haiui tena," alisema.

"Naona. Napulizia kila baada ya siku mbili."

"Hata ukipulizia kila siku. Ile nyingine itawaua, nayo itakuua na wewe, kama ilivyomuua Andrea. Ziko hizo tu. Kuna watu wanatafuta ya tatu, na mimi ni mmoja wao, lakini itachukua miaka, na huenda tusiipate."

Agnes alishusha kitambaa mdomoni. Alikuwa amekonda, na macho yake hayakuwa na hasira tena, jambo ambalo Felista aliliona baya zaidi.

"Kwa hiyo umekuja mikono mitupu."

"Ndiyo, mikono mitupu."

"Basi ngoja nimalize tuta hili," Agnes alisema, akapandisha kitambaa, akaanza kupampu. Felista akakaa ukingoni, upande upepo unakotokea, akamngoja.